Kusimama Ndiyo Kazi: Nayapima Magari ya Posta na Walioyaunda

Gari la posta haliuzwi kwenye maonyesho, halitangazwi kwenye televisheni, na hakuna kijana anayebandika picha yake ukutani. Likipita mbele yako hugeuzi shingo. Lakini kwa sisi tunaoishi kwa kufikisha vitu vya watu milangoni, hakuna gari linalostahili kupimwa kwa makini kuliko hilo.

Mimi ni dereva wa vifurushi. Gari nalipima kwanza kwa mlango, pili kwa kiti, tatu kwa kimo cha sakafu kutoka ardhini. Injini huja baadaye. Mtu anayepanda na kushuka mara mia kadhaa kabla jua halijazama hana haja na spidi ya juu. Magoti yake ndiyo yanayotoa alama. Ndiyo maana mapitio mengi ya magari hunichosha. Yanaanza na sifuri hadi mia kwa sekunde ngapi. Gari la posta hutoka sifuri hadi ishirini, hurudi sifuri, kisha kazi inaanza upya kwenye kisanduku kinachofuata.

Nimesoma sana habari za magari haya, nimekaa kwenye viti vya baadhi yake, machache nimeyaendesha, na nina msimamo ambao nitautetea hapa bila aibu: mengi ya magari bora ya posta yametoka kwa watu ambao shughuli yao haikuwa kutengeneza magari ya familia. Mtengenezaji wa kawaida anawaza safari. Posta haina safari, ina vituo.

Mfano mkubwa ni Grumman LLV (Long Life Vehicle, yaani gari la maisha marefu) la Marekani. Ni lile sanduku jeupe la alumini lenye pua fupi, usukani kulia katika nchi ambayo madereva hukaa kushoto. Mkataba wake ulitolewa mwaka 1986, na uzalishaji ulipokoma mwaka 1994 yalikuwa yametoka zaidi ya 140,000. Sasa jiulize Grumman ni nani. Ni kampuni ya ndege ya Bethpage, Long Island. Ndiyo iliyotengeneza Hellcat, ndege iliyopiganwa nayo kwenye Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndiyo iliyotengeneza F-14 Tomcat ya jeshi la majini. Na ndiyo iliyounda chombo kilichowashusha watu mwezini mwaka 1969. Vita vilipokwisha wakabaki na ujuzi wa kukunja mabati ya alumini na kuyapiga riveti, wakaanza kutengeneza mitumbwi ya alumini, na mitumbwi hiyo ikawa maarufu mno kwenye mito na maziwa ya Amerika Kaskazini. Baadaye, kupitia tawi lao la Grumman Allied, wakaingia kwenye mabodi ya malori ya kusambazia bidhaa. Kutoka ndege hadi mtumbwi hadi gari la barua, malighafi ni ileile.

Alumini haishiki kutu. Katika nchi ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na magari ya chuma huliwa kuanzia chini, bodi ya LLV hubaki nzima miaka nenda miaka rudi. Fremu iliyo chini yake ni hadithi nyingine. Hiyo ni chuma, nayo huoza kama chuma kingine chochote.

Nilipopata nafasi ya kukaa ndani ya mojawapo, halikuwashwa, lakini kwangu hilo halikuwa tatizo. Nilitaka kujua mlango. Mlango wa dereva huteleza kwenda nyuma, haufunguki kwa nje. Hiyo peke yake ni alama tatu. Mlango unaofunguka nje unahitaji nafasi pembeni, unahitaji mkono wa kuushika upepo ukivuma, na siku moja utagonga baiskeli ya mtu. Mlango wa kuteleza unausukuma kwa kiwiko huku mikono imebeba vifurushi. Kushoto kwa dereva, mahali ambapo gari jingine lingeweka abiria, kuna meza ya kuwekea trei za barua zilizopangwa kwa mfuatano wa nyumba. Nyuma kuna mlango wa kukunjwa kwenda juu, kama wa duka. Vioo vya pembeni vimetapakaa kila upande hadi unajihisi uko kwa kinyozi.

Usukani wa kulia una sababu nyepesi. Wamarekani huendesha upande wa kulia wa barabara, na kwenye vitongoji vyao kisanduku cha barua husimama juu ya nguzo, pembeni, upande huohuo. Dereva anasogea, ananyoosha mkono, anatia barua, anaondoka. Hashuki. Wapeleka barua wengi wa vijijini hutumia magari yao binafsi, na asiyepata la usukani wa kulia hujibanza upande wa abiria au katikati, mguu wa kushoto umenyooshwa kuvuka hadi kwenye pedeli, mkono wa kushoto umeshika usukani, wa kulia uko dirishani. Nimetazama video za watu wakifanya kazi hivyo na nikashika kiuno changu mwenyewe.

Litazame LLV kwa mbele na utaona jambo linalowashangaza wengi: matairi ya mbele yamekaribiana kuliko ya nyuma. Halijapata ajali. Chini yake ni chesisi iliyotokana na pikapu ya Chevrolet S-10, mbele ikabaki nyembamba huku nyuma ikipanuka kubeba sanduku, na faida yake ni kwamba linakata kona ndogo sana. Anayegeuza gari kwenye barabara isiyo na njia ya kutokea atakuelewa ukimwambia hilo ni jambo kubwa kuliko nguvu za farasi. Injini ni ya silinda nne, lita 2.5, ile ambayo mafundi wa kule huiita Iron Duke. Baadaye ikaja ya lita 2.2. Giabox ni otomatiki ya gia tatu. Hakuna cha kusifia hapo, na hakuna cha kumtia fundi usiku wa manane gereji pia.

Lakini kilichonifanya nilipende gari hili ni mtihani liliopewa. Katika miaka ya 1980 shirika la posta la Marekani lilikuwa limechoka kununua magari ya wengine na kuyarekebisha. Likaandika lenyewe linachotaka, likawaita washindani, na mwaka 1985 likayapeleka magari yao ya majaribio Laredo, Texas, kwenye joto la mpakani. Kila gari lilipaswa kukimbia maili 24,000. Kati ya hizo, maili 11,520 zilikuwa juu ya changarawe. Maili 960 juu ya mawe yaliyopangwa yakatokeza, yaani kutikiswa hadi meno yagongane. Kulikuwa na mashimo ya kupitiwa na magurudumu mara 35,000. Na kuna kipengele ninachokipenda kuliko vyote: maili 2,880 gari likisimama kila baada ya futi 250.

Kila futi 250! Hizo ni kama mita 76. Aliyeandika sharti hilo alikuwa amewahi kukaa na mpeleka barua, au alikuwa amewahi kuwa yeye. Ukichukua gari zuri la familia, lenye ngozi kwenye viti na redio ya kisasa, ukaliambia lisimame na kuondoka kila mita 76 kutoka alfajiri, breki zitaanza kunuka na giabox itaanza kunung'unika mapema. Lililotoka Laredo na ushindi lilikuwa la Grumman. Magari 99,150 yakaagizwa kwa kuanzia, mkataba wa zaidi ya dola bilioni moja, na mabodi yakaunganishwa Montgomery, Pennsylvania.

Dosari zake zinajulikana, na nyingi ziko kwenye rekodi za umma. Halina kiyoyozi; kuna feni ndogo tu mbele ya dereva, na ndani ya sanduku la alumini wakati wa kiangazi feni inasukuma hewa ya moto kutoka hapa kwenda pale. Halina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva kwenye ajali. Mafuta linakunywa: kwenye makaratasi lilipewa maili 17 kwa galoni, kwenye kazi halisi ya kusimama na kuondoka hushuka hadi karibu 10. Na katika miaka ya karibuni mamia yameteketea kwa moto, mengine yakiwa barabarani na barua ndani. Hapo lakini sitaubebesha mzigo wote mgongo wa waundaji. Gari lilitengenezwa lidumu miaka 20. Wenye nalo wakasema 24, kisha wakasema 30. Nyaya za umeme na mabomba ya mafuta hayajui kusoma barua ya kuongezewa muda.

Kwangu, LLV linapata nane na nusu kati ya kumi. Hiyo moja na nusu imeliwa na joto.

Ukitaka kuelewa kwa nini Wamarekani walifika Laredo, tazama walikotokea. Kwenye miaka ya 1950 na 1960 waliwapa wapeleka barua kigari cha magurudumu matatu kilichoitwa Mailster. Mtengenezaji wake mmojawapo alikuwa Cushman wa Lincoln, Nebraska, aliyeanza na injini za mashambani kisha akaingia kwenye skuta. Hapa msimamo wangu unapata ufa, nakubali, kwa sababu huyu naye alikuwa mtu wa nje na kigari chake kilikuwa balaa. Kona ikikatwa kwa kasi kinalala. Theluji kidogo tu, kinakwama. Nadhani tofauti ni kwamba Cushman hakupelekwa Laredo. Alikuwa na chombo tayari, posta ikakichukua.

Baada ya Mailster ikaja zamu ya Jeep DJ, na huyo ni mtoto wa ukoo wa magari halisi. Willys walianza na DJ-3A mwaka 1955: Jeep ile ya vita, lakini ikavuliwa nguvu za magurudumu ya mbele, ikabaki ya nyuma tu. DJ-5 ikafuata mwaka 1965 chini ya Kaiser Jeep, kisha AM General wa South Bend, Indiana, wakaishika hadi mwaka 1984. Milango ya kuteleza, usukani kulia, kiti kimoja. Ilikuwa na tabia ya kubadilisha injini kama mtu anavyobadilisha shati: Chevrolet, AMC, hata Audi mwaka 1979, halafu Iron Duke ileile iliyokuja kuingia kwenye LLV. Fundi wa karakana ya posta alilazimika kuweka spea za makabila yote. Kwenye theluji, jeep isiyovuta kwa mbele na isiyo na uzito nyuma ni kicheko. Nitaipa sita, na moja kati ya hizo ni ya sura. Kuna pia DJ-5E ya umeme, takribani 350 zilizotengenezwa miaka ya 1970, wakati ambapo wengi leo hudhani gari la umeme lilikuwa halijafikiriwa.

Na umeme kwenye posta ni mambo ya kale kuliko hapo. Mwaka 1899, pale Buffalo, New York, gari la umeme lilijaribiwa kukusanya barua kutoka kwenye visanduku 40, likamaliza kwa saa moja na nusu. Desemba mwaka huohuo, mjini Cleveland, gari la petroli la Winton lilizunguka visanduku 126 kwenye njia ya maili 22, theluji ikianguka, kwa saa 2 na dakika 27, chini ya nusu ya muda wa gari la farasi. Alexander Winton alikuwa fundi wa baiskeli. Unaona ninakoelekea.

Tuvuke bahari. Ujerumani Magharibi ya miaka ya 1950 posta ilikuwa inahitaji kitu kidogo, na mmojawapo wa waliojibu alikuwa Hans Glas wa Dingolfing, ambaye jina lake lilijengwa na mashine za kupandia mbegu. Alikuwa ameanza kutengeneza skuta, kisha kigari kilichoitwa Goggomobil, na toleo lake la mizigo lenye milango ya kuteleza likanunuliwa na posta kwa wingi. Mashine ya kupandia mbegu nayo kazi yake ni kusonga kidogo, kudondosha, kusonga kidogo, kudondosha. Sidai kwamba Glas alilifikiria hilo. Nalifikiria mimi.

Halafu Wajerumani wakafanya kitu ambacho bado hunichekesha kila nikiona picha yake: Volkswagen Fridolin. Posta ilitaka mita 2 za ujazo, kilo 400 za mzigo, na milango ya kuteleza pande zote mbili. Volkswagen hawakuwa na gari kama hilo, basi wakapita stoo. Kipande kutoka kwa kobe wao maarufu, yaani Beetle, kipande kutoka Karmann Ghia, kipande kutoka Type 3, kipande kutoka basi dogo la Transporter. Bodi ikaunganishwa na Westfalia huko Wiedenbrück, walewale wa magari ya kupigia kambi. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1974 yakatoka 6,139. Mengi yakaenda posta ya Ujerumani, na Waswisi nao wakanunua zaidi ya elfu moja. Kwa mbele linaonekana limeshangaa. Injini iko nyuma, chini ya mzigo, kwa hiyo kupakia nyuma hakuna raha, lakini nani anapakia nyuma wakati milango ya pembeni ipo? Ninalipa nane kwa sababu lilizaliwa kutokana na maelezo ya kazi, hata kama mwili wake ni wa viraka.

Miaka arobaini baadaye hadithi ikajirudia kwa namna kali zaidi. Deutsche Post walitaka gari dogo la umeme la kusambazia. Watengenezaji wakubwa wa nchi yao hawakuwapa walichotaka. Wakati huo, kwenye chuo kikuu cha ufundi cha Aachen, RWTH, maprofesa Günther Schuh na Achim Kampker walikuwa wameanzisha kampuni ya StreetScooter mwaka 2010 kuthibitisha kwamba gari la umeme linaweza kuundwa kwa bei ya chini. Posta ikashirikiana nao, na mwaka 2014 ikainunua kampuni yote. Shirika la kupeleka barua likawa mtengenezaji wa magari, jambo lililowaudhi Volkswagen waziwazi.

StreetScooter Work ni gari lisilo na mapambo. Mwisho wake ni kama kilomita 85 kwa saa, na hata hiyo ni nyingi kwa kazi yenyewe. Sanduku la nyuma lina zaidi ya mita 4 za ujazo, na rafu zake zimewekwa kwenye kimo cha kiuno, si sakafuni. Hapo ndipo unapojua wapeleka barua waliulizwa. Sakafuni unainama; kiunoni unachukua. Baada ya miaka kumi ya kazi hii tofauti hiyo unailipia hospitalini. Zaidi ya magari 10,000 yaliingia barabarani. Kibiashara hata hivyo haikuwa na mwisho mzuri: mwaka 2020 posta ikatangaza kuacha uzalishaji, ukasukumwa mbele kidogo, na mwaka 2022 kampuni ikauzwa kwa wawekezaji wa Luxembourg. Kutengeneza gari zuri ni jambo moja, na kuendesha kiwanda cha magari bila kupoteza fedha ni jambo jingine kabisa. Kama chombo cha kazi, nane. Kama biashara, sijaulizwa.

Waingereza nitawapitia haraka, ingawa wana kitu kimoja ninachokitamani hadi leo. Morris Minor ya posta, ya miaka ya 1950, ya rangi nyekundu, iliyotokana na gari la Alec Issigonis, ilikuja mwanzoni na madigadi ya mbele ya mpira. Mpira! Taa zikapachikwa juu ya madigadi kama macho ya chura. Mtu fulani ofisini alikubali ukweli kwamba gari la kusambazia litagongwa, litagonga, litasukumwa na lori kwenye uchochoro, na akaona ni afadhali dunia ikigonga mpira kuliko bati la kunyooshwa kila wiki. Matoleo ya baadaye yakarudi kwenye chuma. Huo kwangu ni uamuzi wa watu wasiolipa bili za kunyoosha bodi. Gari lenyewe saba, madigadi kumi.

Ufaransa walipita kwenye Citroën 2CV na Renault 4 za mizigo, kisha Kangoo. Kangoo nimeiendesha. Ni gari zuri, mlango wa pembeni unateleza, lakini wa dereva unafunguka nje, na hapo ndipo unapokumbuka kwamba liliundwa kwa ajili ya kila mtu. Posta yao iliagiza Kangoo za umeme kwa maelfu kuanzia mwaka 2011. Saba, bila kelele.

Sasa nije kwa vyombo viwili ambavyo wapenzi wa magari huvidharau. Cha kwanza ni Honda Super Cub. Ilitoka mwaka 1958, kazi ya Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa, na ina klachi isiyohitaji mkono: unakanyaga gia kwa mguu, mkono wa kushoto uko huru. Posta ya Japani ina toleo lake jekundu, MD, tangu mwaka 1971, lenye karia kubwa mbele na nyuma na vishikio vinavyopashwa moto. Australia walitumia ndugu yake, CT110, pikipiki iliyokusudiwa njia za mashambani, na ikatembeza barua za mitaa yao kwa miongo. Hii nimeiendesha, na ninasema bila kusita kwamba kwa barua za kawaida hakuna gari linaloifikia. Unasimama bila kushuka, unaondoka bila kuwaza, unapita pale gari linapongoja. Tatizo ni kwamba barua zimepungua na vifurushi vimeongezeka, na televisheni haiingii kwenye karia.

Cha pili ni Kyburz DXP ya Uswisi. Martin Kyburz alianzisha kampuni yake mwaka 1991, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wazee wanaohitaji kigari cha umeme cha kwendea dukani. Kigari cha mzee lazima kiwe rahisi kupanda, kisipinduke, kisimame mara moja, kipite mahali pembamba. Soma tena orodha hiyo: ni sifa za chombo cha mpeleka barua, neno kwa neno. Posta ya Uswisi ikachukua maelfu ya hivyo vya magurudumu matatu, ikaachana na pikipiki za petroli, na Australia nao wakafuata. Kinabeba kuliko pikipiki, dereva anafikia kisanduku akiwa amekaa, na kinavuta tela. Mvua ikinyesha unaloa, hilo halina dawa. Tisa. Ndiyo, nimekipa alama nyingi kuliko LLV, na nikiulizwa tena nitakipa hizohizo.

Limebaki gari jipya la Marekani, la kuchukua nafasi ya LLV. Februari 2021 mkataba ulikwenda kwa Oshkosh Defense, kampuni iliyoanzishwa Wisconsin mwaka 1917 na inayojulikana kwa malori ya kijeshi ya kupita kwenye matope na magari ya zimamoto ya viwanja vya ndege. Mtu wa nje tena. Linajengwa Spartanburg, South Carolina. Picha zilipotoka watu walicheka wiki nzima: boneti imeshuka chini, kioo cha mbele kimepanda juu kama ukuta, uso wa bata. Mimi sikucheka. Boneti fupi maana yake ni kwamba mtoto aliyesimama mbele ya gari anaonekana. Kioo kirefu maana yake ni kwamba mpeleka barua mrefu na mfupi wote wanaona. Paa la juu maana yake ni kwamba unasimama wima nyuma ukichagua vifurushi. Lina kiyoyozi. Lina mifuko ya hewa, kamera kuzunguka gari zima na breki za kujifunga lenyewe dharura ikitokea. Kila kitu ambacho waliokuwa kwenye LLV walikililia, kimo.

Lawama zangu ziko kwenye toleo la petroli. Makaratasi ya shirika lenyewe yalionyesha maili 8.6 kwa galoni kiyoyozi kikiwashwa. Baada ya miaka thelathini na tano ya uhandisi, umebaki palepale na LLV! Na uzito wake wa juu uliopangwa ulikuwa pauni 8,501, wakati kanuni kali za magari mepesi huishia 8,500. Pauni moja. Siwezi kuamini kwamba kipimo hicho kilidondoka chenyewe kutoka mbinguni. Baada ya kelele za bunge na za majimbo, mpango ukageuzwa: katika magari 60,000 yaliyokusudiwa, 45,000 yawe ya umeme. Kazi ya kusimama kila mita 76 ndiyo kazi ya umeme hasa, kwa sababu kila ukifunga breki unarudisha kitu kwenye betri badala ya kuchoma pedi bure. Magari ya kwanza yalianza kazi Athens, Georgia, mwaka 2024, yakiwa yamechelewa, na kasi ya kuyatoa ilikuwa ndogo kuliko ilivyoahidiwa. Toleo la umeme nalipa tisa ya muda, nikingoja lifikishe miaka kumi. La petroli, tano na nusu, na hiyo nusu ni ya kiyoyozi.

Kwa msomaji anayetaka kumiliki mojawapo: Jeep DJ-5 ndiyo rahisi zaidi, kwa kuwa zilipostaafu ziliuzwa kwa raia kwa wingi, ila uliza kwanza ina injini ipi kabla ya kuuliza bei, na kagua reli za milango, zikijaa kutu mlango hautelezi. Fridolin zimebaki chache na wenye nazo hawana haraka ya kuuza. Morris ukiipata yenye madigadi ya mpira, kagua kama mpira ni wa asili, maana zipo zilizotengenezwa upya. Super Cub ya posta huja na karia zake, usizing'oe ili ionekane ya kisasa. Karia ndizo pikipiki yenyewe. Na DXP zilizotumika kwenye posta huuzwa tena baada ya kukarabatiwa na kiwanda chenyewe, betri ikiwa imepimwa. Omba uone karatasi ya kipimo hicho kabla hujalipa.